Paka Aliyeacha Kutapika Hajapona: Maswali na Majibu

Paka wangu alitafuna jani la lili jana jioni. Alitapika mara mbili, leo ametulia na kulala. Hatari imepita?

Haijapita. Huyu nilimpigia simu papo hapo ampeleke kwa daktari wa mifugo. Barua yake naiweka hapa kwa ajili yenu wengine. Utulivu huo ndio unaowaponza watu. Lili za jamii ya Lilium na Hemerocallis huua figo za paka. Kutapika huanza ndani ya saa chache, kisha hukoma, na mwenye paka anashusha pumzi wakati figo zinaendelea kufa. Baada ya siku moja hadi tatu paka haendi tena haja ndogo, na mara nyingi hapo matibabu yamechelewa. Akiwekewa dripu mapema, ndani ya saa 18 za mwanzo, ana nafasi nzuri ya kupona, na dripu hiyo huendelea siku mbili au tatu.

Kila sehemu ya ua ni sumu, hata maji ya kwenye chombo. Namkumbuka paka mmoja ambaye mwenye kumfuga aliapa kwamba paka huyo hajala kitu. Kwenye sharubu alikuwa na vumbi la rangi ya kutu, na jingine mgongoni. Alipita chini ya maua mezani, chavua ikamdondokea, akajilamba. Hatukumwokoa.

Nikikata vile vijiti vya chavua na kuliweka ua juu ya kabati?

Sumu imebaki kwenye petali, jani na maji, na paka anapanda kabati. Toa ua lote nje ya nyumba.

Je, lili la amani nalo linaua?

Jina linawachanganya. Lili la amani, Spathiphyllum, si lili halisi. Lina chembe kali kama sindano zinazochoma mdomo: mnyama anatokwa mate na kujipangusa uso kwa mguu, lakini figo haziguswi. Lili la bondeni, Convallaria, nalo si lili halisi, ila linashambulia moyo na linaweza kuua. Majina matatu yanayofanana, hatari tatu tofauti. Nimeshaomba mara nyingi: msiniandikie “ua fulani jeupe”. Piga picha ya ua na jani, tafuta jina la kitaalamu, na ukienda kwa daktari beba kipande cha mmea kwenye mfuko.

Nimpe maziwa akate sumu?

Hapana. Wala mafuta, wala chumvi. Chumvi ya kumtapisha inaweza kumuua yenyewe.

Mimi nina mbwa tu. Niko huru kuweka maua yoyote?

Lili kwa kawaida litamsumbua mbwa tumbo tu. Ila usiseme uko huru. Saikasi, ule mmea unaofanana na mnazi mfupi, huharibu ini la mbwa, na mbegu zake ndizo kali zaidi. Oleanda, kichaka cha maua cha bustanini, huvuruga mapigo ya moyo, na majani yake yakikauka bado ni sumu, kwa hiyo matawi uliyopogoa usiyaache uani. Tulipu na dafodili sumu yao imejaa kwenye tunguu lililo ndani ya udongo, pale pale mtoto wa mbwa anapopenda kufukua.

Poinsetia, lile ua la Krismasi lenye majani mekundu, je?

Inasingiziwa kwamba inaua. Utomvu wake huwasha mdomo, pengine mnyama atapike. Hofu hiyo ihamishieni kwenye lili.

Basi tuweke maua gani?

Waridi, alizeti, jabera, okidi za Phalaenopsis. Waridi lina miiba, iondoe. Ninachowaogopea zaidi ni shada la zawadi, kwa sababu anayelituma hajui kama una paka, na lili hupenda kufichwa katikati ya mawaridi likiwa bado halijachanua. Lifungulie nje ya mlango, lichambue shina kwa shina, na ukikuta lili lifunge kwenye mfuko ulitupe. Kisha nawa mikono kabla hujamshika paka.