Muulize Fundi: Niweke i7 au niachane na hii mashine?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina steshenari hapa Morogoro, natumia Dell OptiPlex 7010 niliyonunua ikiwa mtumba, ina prosesa ya i3-3220, RAM 4GB na hadi disiki ya 500GB. Siku hizi imekuwa kero, asubuhi nikiiwasha nafagia duka, namwagia maji kibarazani, nikirudi bado viduara vinazunguka tu. Wanafunzi wakija kufanya maombi ya mkopo nikifungua Chrome na Word pamoja inastaki. Fundi wa mtaani kaniambia tutoe i3 tuweke i7 na RAM tujaze mpaka 16GB. Nimsikilize au nikusanye hela ninunue nyingine? – Mama Steshenari, Morogoro

JIBU: Dada yangu, kabla hujampa huyo fundi hata mia, fanya jambo moja la bure. Kesho ukiiwasha, wakati bado inajivuta, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ifunguke Task Manager, alafu tazama safu tatu za juu, CPU, Memory na Disk. Nabeti soda kwamba Disk itakuwa imegota 100% huku CPU iko ishirini thelathini huko, haina shida na mtu.

(Na hapo ndo tunapochanganyana kila siku, maana wengi wetu lile boksi lote tunaliita CPU, mteja ananiambia "nibadilishie CPU" anamaanisha boksi zima. Mimi hapa nikisema prosesa naongelea kile kichuma cha mraba kinachokaa chini ya feni.)

Sasa ukikuta hivyo ujue ugonjwa hauko kwenye prosesa. Ndani ya hadi disiki kuna sahani inayozunguka na kichwa kinachokimbia huku na kule kuokota vipande vya mafaili, na kwa sababu RAM yako, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ni 4GB tu, Windows 10 na Chrome zikishakaa humo imejaa, basi Windows inaanza kuhamishia mizigo kwenye hiyohiyo disiki, yani maskini anafanya kazi mbili kwa mguu mmoja. Ukiweka i7 hapo ni sawa na kuleta mpishi wa hoteli jikoni wakati kuni bado hazijafika.

Kwa hiyo anza na SSD, disiki ya kisasa isiyo na sahani ya kuzunguka, ile ya inchi 2.5 ya waya wa SATA, 240GB inakutosha kabisa kwa Windows na programu, ile disiki ya zamani ibaki humohumo ya kutunzia mafaili ya wateja. Usikubali kuuziwa ile nyembamba kama biskuti ya NVMe, mazabodi (bodi kuu ya ndani) ya 7010 haina sehemu yake. Hii ndo hela utakayoiona kwa macho.

Ikifuata RAM. Kwenye Task Manager ingia Performance, Memory, utaona imeandikwa sloti ngapi zimetumika, 7010 nyingi zina nne (kile kiboksi kidogo kabisa kina mbili). Mashine inatumia RAM aina ya DDR3, nunua mbili zinazofanana za 4GB uzichomeke kama jozi, kwa kazi zako 8GB ni kushiba, 16GB ni sifa tu labda uwe unachezea picha kubwa na video. Alafu jihadhari na RAM za bei ya kutupa zilizotolewa kwenye server, zile za registered, kwa macho ni DDR3 vilevile na zinaingia kwenye sloti, ila mashine yako haitawaka nazo.

Prosesa je? Soketi yako, pale prosesa inapokaa, ni 1155, inachukua prosesa za Intel za kizazi (yani toleo) cha pili na cha tatu basi, kwa hiyo i7-3770 au i5-3470 zinaingia, ila i7-4790 ambayo muuzaji atakwambia "ni i7 pia mama" ni ya soketi 1150, haikai hata uibembeleze. i3 yako ina kori (vitengo vya kuchapa kazi) mbili, hizo zina nne, tofauti ipo sikatai, lakini kwa Word na fomu za mtandaoni hutaiona kama utakavyoiona SSD. Na kubadilisha kwenyewe kuna hatari zake, mimi mwenyewe nilishaidondosha prosesa juu ya soketi ya mashine ya shemeji, pini mbili zikapinda, nikakaa saa nzima na sindano ya kushonea na tochi ya simu nazinyanyua moja moja huku yeye kasimama mlangoni anauliza "bado tu?"

Kingine, Microsoft walisimamisha sapoti ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha nane pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Prosesa yoyote inayoingia kwenye hiyo mazabodi, hata hiyo i7, haifiki huko. Ndo maana mi nasema hela ya i7 usiitoe, iweke kwenye kibubu cha mashine ya kizazi cha nane kwenda juu. SSD hutaipoteza, siku ukihama unaihamisha. RAM ndo itabaki, kizazi cha nane nyingi zinatumia DDR4.

Bei sikuandikii, zinabadilika kila mzigo ukiingia. Ila SSD, RAM na ufundi vikifika nusu ya bei ya hiyo mashine mpya-mtumba, acha, vumilia miezi miwili mitatu.

SWALI: Fundi niaje, niliambiwa DDR4 ni mbio kuliko DDR3 nikaibuy, sasa haiingii kwa sloti ya desktop yangu ya zamani. Nisukume kiasi gani? – Kijana wa Likoni

JIBU: Usisukume kabisa! DDR3 ina pini 240, DDR4 ina 288, na ule mkato wa katikati umewekwa mahali tofauti makusudi ili isiingie. Irudishe dukani ukiwa bado na risiti. Na kama ulishaanza kusukuma, mulika sloti na tochi uone kama kuna plastiki imevunjika humo ndani kabla hujawasha umeme.