Skrini kubwa uwanjani itawaleta watu?

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi. Kwenye kundi letu la WhatsApp watu hubishana hadi usiku wa manane, lakini mkutano ukiitishwa wanakuja walewale. Vijana wanataka tufunge skrini kubwa uwanjani, maoni ya mtandaoni yapite hapo kila mtu ayaone. Tutoe pesa?

JIBU: Ndugu Katibu, pesa ziache kwanza. Vijana wako wana hoja: mjadala ukibaki ndani ya simu, asiye kwenye kundi hana habari, na huenda ndiye anayejikwaa kila asubuhi kwenye shimo mnalobishania. Ila wameanzia kwenye kifaa.

Philadelphia, Marekani, mwaka 2012, mradi wa Textizen ulitumia mabango tu. Bango lina swali na namba. Unajibu kwa SMS, hata kwa simu ya kitochi. Bristol, Uingereza, 2013, walikwenda mbali zaidi. Nguzo za taa na masanduku ya posta tayari yalikuwa na namba za matengenezo, basi mradi wa Hello Lamp Post ukazitumia hizohizo: unatuma jina la kitu na namba yake, nacho "kinakujibu" kwa swali, kisha kinakudokezea waliyosema wengine. Barabarani hakikuongezwa kifaa chochote. Mie napenda ubahili wa namna hiyo!

Kazi ngumu ni swali. Ukibandika "Mnaonaje maendeleo ya eneo letu?" utavuna salamu na lawama. Bandika kwenye nguzo yenyewe: "Taa hii ikizimika, wewe unapita njia ipi?" Hapo hata mwenye haraka ana la kusema.

Skrini ina mambo yake. Kila ujumbe lazima usomwe na mtu kabla haujapanda, la sivyo siku ya kwanza tu mtasoma matusi mbele ya watoto. Namba za simu zisionekane. Na nani atakuwa zamu usiku?

Majibu yakishaingia, yafanye ajenda ya kwanza ya mkutano, hata mkiwa walewale. Kisha rudini kwenye bango lilelile mbandike mlichoamua, hata kama ni "hapana, fedha hazitoshi". Jaribuni sehemu moja. Mkiona majibu yanazidi nafasi ya karatasi, waiteni hao vijana mzungumzie skrini.