Waya ya diski: kuingia tu hakutoshi

Nahariri video za harusi hapa Dar es Salaam, na haipiti muda mrefu kabla mtu hajaniletea diski ya nje aliyokwisha kuikatia tamaa. "Imekufa hii, haisomi." Naomba kwanza nione waya anayotumia. Mara nyingi ni ya kuchajia simu.

Shida ni kwamba inaingia. Itazame kwa karibu diski ndogo ya kubeba mfukoni: tundu lake ni pana, lina sehemu mbili, moja kubwa na moja ndogo. Hiyo ni Micro-B ya USB 3.0. Ile sehemu kubwa ina umbo la tundu la chaji la simu za Android za zamani, kwa hiyo waya ya simu inakaa humo na taa ya diski inawaka vizuri tu. Ila ndani ya waya hiyo mna nyuzi nne. Ya USB 3.0 ina tisa. Sehemu ndogo ikibaki wazi, diski inarudi kwenye mwendo wa USB 2.0 ya mwaka 2000, yaani megabiti 480 kwa sekunde badala ya gigabiti 5. Harusi ya GB 100 ambayo ingehamishwa kwa robo saa hivi, sasa inakula karibu saa nzima, na bwana harusi anapiga simu.

USB-C ndiyo inayochanganya zaidi, maana waya zote zinafanana kwa nje. Nyingi zinazokuja na chaja, hata zile nene za laptopu, kazi yake ni kupitisha umeme. Data zinapita kwa mwendo ule ule wa USB 2.0. Tafuta namba 5, 10 au 20, yaani gigabiti kwa sekunde, kwenye kichwa cha waya au kwenye boksi. Rangi ya buluu ndani ya kichwa, inayochukuliwa kama alama ya USB 3.0, isikushawishi sana, plastiki ya buluu haina gharama. Ukienda Kariakoo beba laptopu na diski yako, nakili faili la GB 5 pale pale kaunta. Likichukua zaidi ya dakika mbili, mrudishie muuzaji waya yake.

Halafu kuna umeme. Diski ndogo haina chaja yake, inategemea waya hiyo hiyo kuzungusha mota. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, la 3.0 miliampia 900, na waya nyembamba na ndefu hupoteza sehemu ya nguvu njiani. Ndipo unaposikia tik, tik, diski inatokea kwenye skrini na kupotea. Mimi sinunui inayozidi nusu mita, na ekstensheni siitaki kabisa.

Diski kubwa za mezani zina adapta yao, kwa kawaida ya volti 12. Ukiazima nyingine soma volti kwanza. Pini ya adapta ya laptopu yenye volti 19 inaweza kuingia vilevile, na hapo utaunguza diski.

Kama ile tik, tik inaendelea hata kwa waya fupi nzuri na kwenye kompyuta nyingine, ichomoe na uache kuijaribu. Hapo ni diski yenyewe, na kila unapoiwasha unapunguza nafasi ya fundi kuokoa mafaili.