Salamu Kwanza, Simu Baadaye

Daftari langu la alama lilianza kwa kujikwaa. Nilikuwa nakatiza vichochoro vya Chikongola, hapa Mtwara, kidole kikagonga zege lililochomoza mchangani. Kutazama, ni bikoni ya wapimaji ardhi, jiwe la mpaka wa kiwanja, ina namba kichwani. Miaka yote napita hapo, sijawahi kuiona.

Tangu siku hiyo nanukuu kila kitu: namba za sensa milangoni, mwaka ambao fundi aliuandika kwa kidole kwenye saruji mbichi ya mtaro. Ninazozipenda zaidi ni kuta za maduka zilizopakwa rangi za kampuni za simu. Kuna moja ya Airtel imebanduka pembeni, chini yake inachungulia Zain, na chini zaidi kuna herufi tatu za Celtel. Zain iliingia 2008, Airtel 2010. Mwenye duka mwenyewe alikuwa hajui kama ukuta wake umevaa nguo tatu.

Ukitaka kuanza, toka saa moja asubuhi au jioni jua likiwa limeinama. Mwanga wa ubavuni huyatoa maandishi yaliyofifia. Saa sita mchana utaambulia jasho tu. Weka sarafu kando ya alama ili ukubwa wake ujulikane. Mtaa na tarehe andika hapo hapo, maana mimi nina picha kibao nisizojua nilizipigia wapi. Usiseme utarudi kesho: Idi ikikaribia, watu wanapaka chokaa. Bandarini na kambini usithubutu.

Halafu kuna X. Hapo ndipo nilipoharibu. Niliona X nyekundu ukutani kando ya barabara kuu, nikapiga picha bila hata hodi. Mama akatoka na kijiti cha kugeuzia vitumbua mkononi. "Mmerudi tena? Si mlisema mwezi ujao?" Alinidhani mtu wa bomoabomoa.

Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kuu, yaani ukanda wa kandokando usiotakiwa kujengwa, kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. X ya kijani huwekwa kwa aliyekutwa na nyongeza hiyo, naye husubiri fidia. Nyekundu maana yake umejenga ndani ya hifadhi, vunja uondoke. Na mimi nilikuwa nikiitafutia pembe nzuri!

Nikampa shikamoo iliyochelewa, nikaomba radhi, nikanunua vitumbua vya mia tano na kumfungulia daftari. Akalipekua kimya. Kisha akanivuta ndani, akaonyesha nyuma ya mlango: mistari ya mkaa, kimo cha wanawe kila Idi.

"Piga hii," akasema. "Huu mlango sijui nitaubeba vipi."