Randa kongwe ya inchi 16: usiiwashe tena kabla ya kubadilisha shafti

Swali: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo ya samani hapa Tabora. Nimenunua mashine ya randa ya zamani, upana inchi 16, meza za chuma cha kasti. Shafti ya visu ni ya pembe nne, inazunguka ndani ya babiti, yaani beringi za metali laini iliyomiminwa. Inawaka vizuri, ila nikikutanisha mbao mbili za mninga nilizozipiga kingo, mwanga unapita katikati. Nibadilishe beringi au ninyooshe meza?

Jibu: Marahaba. Kwanza izime, na uchomoe mkanda ili kijana wa karakana asiiwashe ukiwa umetoka.

Tatizo lako kubwa hukuliuliza. Shafti ya pembe nne ikizunguka, macho yanaona duara laini, kumbe kati ya kona na kona pana uwazi mkubwa. Mkono ukiteleza, kidole kinatumbukia humo na kona inayofuata inakivuta pamoja na kiganja. Shafti ya duara imejaza uwazi huo. Kisu kinachungulia kama milimita moja tu. Itakukata, lakini haikumezi. Ndiyo maana viwanda vya Ulaya na Marekani vilianza kuiacha ile ya pembe nne mwanzoni mwa karne ya 20. Nilikojifunzia kazi tulikuwa nayo moja. Kaka yangu wa kazi alikuwa anapiga mguu wa meza, mti ukaruka, na vidole vinne vikaenda kwa mpigo mmoja. Mimi ndiye niliyemfunga mkono kwa shati langu.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye shafti ya duara. Tafuta mkerezaji mwenye uwezo wa kuipima mizani, si wa kukereza tu, na visu vibanwe kwa kabari inayozidi kukaza shafti inapozunguka. Visu vyenyewe vipime kwa sonara: vikipishana uzito, mashine itatetemeka na babiti itakufa mapema.

Babiti usiichukie. Kama haina ufa na shafti haichezi ukiinyanyua kwa mkono, iache, uipe mafuta. Ikiwa imelegea kidogo, punguza shimu (vipande vyembamba vya kujazia nafasi) zilizo chini ya kifuniko, moja moja, huku ukizungusha shafti kwa mkono. Ikibidi kumimina upya, mpe anayeijua kazi hiyo: tone moja la maji kwenye kalibu linaweza kukurushia usoni metali iliyoyeyuka, na moshi wake ni sumu.

Sasa huo mwanga. Ubao ukitoka ukingo umebonyea katikati, mara nyingi ncha za nje za meza zimeinama, kwa hiyo ubao unapita juu ya kilima. Weka rula ndefu ya chuma iliyonyooka juu ya meza zote mbili zikiwa usawa mmoja, kisha pitisha fila (kipande chembamba cha chuma cha kupimia uwazi) chini ya rula, kwenye ncha za meza. Chozi la mwanga likionekana, legeza boliti za njia za mteremko ambazo meza huteleza juu yake, na upenyeze kipande cha kopo la soda upande wa chini, karibu na ncha. Unene wake ni kama milimita 0.1. Kaza, pima tena. Ni kazi ya siku nzima, usiikimbize. Meza ya kupokelea iwe sawasawa na ncha ya kisu kikiwa juu kabisa: ikiwa chini, mwisho wa ubao utachimbika; ikiwa juu, ubao utagonga ukingo wake.

Kutu usiitoe kwa grainda, itakuachia mabonde. Tumia msasa uliofungwa kwenye kipande cha mti kilichonyooka, pamoja na mafuta ya taa. Baada ya hapo, Tabora mna bahati ya nta ya nyuki: iyeyushe mbali na moto, ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto, changanya na tapentaini, paka nyembamba, ifute hadi kitambaa kiteleze.

Mota ya mizunguko 2,880 kwa dakika yenye puli ya inchi 5, ikivuta puli ya inchi 4, itakupa 3,600. Kabla ya kuongeza mwendo, muulize mkerezaji shafti yake inavumilia ngapi.

Ukianza kazi, ondoa milimita moja au mbili kwa pito, bila glavu, kinga ikiwa juu ya visu, na ubao ulio chini ya futi moja upige kwa randa ya mkono.