Biskuti zinazotanuka na unga wa chumvi unaopasuka: kuoka na kazi za mikono na watoto wa chekechea

Mzazi mmoja ameomba ushauri: ana watoto wawili, wa miaka 3 na 5, na kilio chake ni cha mambo matatu: biskuti zikiingia kwenye oveni zinatanuka hadi nyota inageuka duara, mapambo ya unga wa chumvi (donge la unga, chumvi na maji la kufinyangia, si la kula) yamepasuka yote, na watoto wanaondoka mezani kazi haijafika hata nusu. Naanza na hilo la mwisho, maana lisipokaa sawa hayo mengine utayafanya peke yako.

Mtoto wa miaka 3 hachoki kuoka, anachoka kusubiri. Ukimkalisha mezani ndipo uanze kutafuta mizani na kuhangaika na siagi iliyoganda, dakika zake kumi nzuri zimekwisha kabla hajagusa kitu. Pima kila kitu kabla hujamwita, weka kwenye vibakuli kwa mpangilio vitakavyotumika, washa oveni, tandika trei, kisha ndiyo aje. Kazi yake ya kwanza iwe kumimina. Bakuli liweke juu ya kitambaa chenye unyevu lisiteleze, kwa sababu mtoto anayekoroga kwa mkono mmoja huku wa pili unalikimbiza bakuli hadumu hapo. Kama meza ni ndefu kwake, shusha kazi chini sakafuni juu ya kitambaa safi. Ni bora kuliko kumsimamisha kwenye kiti kinachoyumba. Na kila mtoto awe na bakuli na mwiko wake. Watoto wawili kwa mwiko mmoja, hapo umeandaa ugomvi.

Kazi zigawe kwa uwezo wa mkono. Wa miaka 3 anamimina kilichopimwa, anakoroga, anaponda ndizi kwa uma, anabonyeza, anapaka maziwa kwa brashi, ananyunyiza. Wa miaka 5 anaweza kusoma namba kwenye mizani, kukata siagi laini kwa kisu cha mezani, kusukuma donge, na kuvunja yai. Yai livunjwe kwenye kikombe cha pembeni, si juu ya unga, ili ganda likiingia ulitoe kwa kipande kikubwa cha ganda lenyewe. Kipande hicho hukata ute vizuri, kidole huufukuza tu. Jiko, oveni na visu vyenye makali ni vya mtu mzima, hakuna mjadala.

Sasa biskuti. Nyota inageuka duara kwa sababu siagi inayeyuka na kutiririka kabla unga haujashika umbo. Dawa yake ni mbili: kanuni isiyo na kichachusho, na donge la baridi. Kanuni rahisi kukumbuka ni 1, 2, 3 kwa uzito: sukari gramu 100, siagi gramu 200, unga wa ngano gramu 300, na chumvi kidogo kama siagi yako haina. Hakuna yai, hakuna beking pauda. Ukiweka beking pauda umeomba biskuti ivimbe, na ikivimba kingo za umbo zinapotea.

Pima kwa mizani. Kikombe kimoja cha unga uliochotwa kwa kushindilia kinaweza kuzidi kile cha unga uliomiminwa taratibu kwa gramu 30 au zaidi, na kwenye kanuni fupi kama hii tofauti hiyo ndiyo inayoamua kati ya donge linaloshikana na mchanga.

Siagi iwe laini kiasi cha kidole kuacha alama, lakini isiwe inang'aa mafuta. Changanya na sukari mpaka zishikane tu. Usipige mpaka iwe nyeupe, kwa sababu hewa unayoingiza itafutuka kwenye joto. Ongeza unga, watoto wasugue kwa ncha za vidole. Kwa muda mrefu itaonekana kama chenga na utashawishika kuongeza maji. Usiongeze. Joto la viganja litaishikanisha. Ikigoma kabisa, kijiko kimoja cha chai cha maziwa kinatosha.

Kusukuma ndipo watoto wengi wanaposhindwa: upande mmoja unakuwa mnene, wa pili unakuwa karatasi, na kwenye oveni mmoja unaungua wa pili ukiwa mbichi. Weka donge kati ya karatasi mbili za kuokea, kisha laza penseli mbili za kawaida, moja kila upande wa donge, zikiwa sambamba. Kifimbo cha kusukumia kipite juu ya penseli hizo. Kikishazigusa zote mbili hakishuki tena, na donge linabaki na unene wa penseli, kama milimita 7, kila mahali. Hata wa miaka 3 hawezi kuliharibu. Faida nyingine ya hizo karatasi ni kwamba hunyunyizi unga mezani. Unga huo wa ziada ndio unaofanya biskuti za watoto ziwe ngumu na kavu, maana watoto hunyunyiza kwa furaha.

Ukishalisukuma, liingize kwenye friji na karatasi zake, limelala juu ya trei, kwa dakika 30. Ndipo mkate maumbo. Chagua vikatio vyenye umbo nene: moyo, samaki, nyota fupi. Twiga mwenye miguu myembamba ataungua miguu kabla tumbo halijaiva, na atavunjika njiani. Vipande vya ukubwa mmoja vikae trei moja. Kama mikono imeshalilainisha donge, rudisha trei kwenye friji dakika 10 kabla ya kuoka. Oka kwa nyuzi 170 za Selsiasi (oveni yenye feni, 150) dakika 15 hadi 18, kingo zikianza tu kubadilika rangi. Ziache kwenye trei dakika 10. Zikiwa moto ni laini hata kama zimeiva, na wengi huzirudisha ndani kwa kudhani bado. Na awamu ya pili usiiweke kwenye trei ambayo bado ni moto, siagi itaanza kuyeyuka hata kabla mlango wa oveni haujafungwa.

Hata hivyo, kwa wa miaka 3 mimi ningeanza na mkate. Biskuti huharibika zikishikwashikwa, donge la mkate hunufaika. Apige, avute, alirushe mezani, yote ni kukanda. Unga gramu 500, hamira ya papo hapo gramu 7, chumvi gramu 8, mafuta kijiko kimoja cha chakula, maji ya uvuguvugu mililita 320. Maji yakichoma kidole ni moto mno, hamira itakufa na donge halitaumuka. Kandeni dakika 10 kwa zamu, funika, acha liumuke hadi liwe mara mbili, kama saa moja mahali penye joto. Gawa vipande vya gramu 50 kwa mizani, kila mtoto aviringe vyake. Acha viumuke tena dakika 30, oka nyuzi 200 kwa dakika 15 hivi. Kikigongwa chini kitoe sauti ya kitu chenye uwazi ndani.

Umbo linalofanya kazi karibu kila mara ni nungunungu: viringa kipande kiwe kama yai, chonga pua kwa vidole, kisha mtoto wa miaka 5 akate miiba mgongoni kwa ncha ya mkasi safi, akiulaza mkasi karibu sawasawa na donge. Mkasi ukisimama wima unatoboa shimo badala ya kuinua mwiba. Miiba ikatwe baada ya kuumuka mara ya pili, ikikatwa mapema inajifunika. Macho ya zabibu kavu yasukumwe ndani kwa kijiti mpaka yazame, vinginevyo donge likifutuka linayatema, na yanayobaki juu yanaungua na kuwa machungu. Nyoka na mikia myembamba viepuke, hukauka kama fimbo.

Keki ndogo za ndizi au za maziwa sizisemei sana, ila moja: mtoto anayependa kukoroga ndiye adui wake. Unga mkavu ukishapotea machoni, simamisha mwiko hata kama kuna mabonge madogo. Kukoroga zaidi kunajenga gluteni, yaani utando wa protini ya ngano unaovutika, na keki inatoka ngumu yenye matundu marefu ndani.

Suala la kuonja. Unga wa ngano ni chakula kibichi, haujapitia moto wa kuua vijidudu, na bakteria wa E. coli wameshapatikana kwenye unga na watu wakaugua. Mayai mabichi yana hatari ya bakteria wa salmonela. Kwa hiyo kulamba mwiko hakuna. Kumkataza tu hakusaidii, mwekee kibakuli chake cha kitu cha kutafuna, matunda yaliyokatwa kwa mfano, kiwe chake toka mwanzo. Njugu na lozi nzima zisiwepo mezani kwa walio chini ya miaka 5, zinakaba. Kama mnazihitaji, zisagwe.

Unga wa chumvi. Vikombe 2 vya unga, kikombe 1 cha chumvi laini, maji robo tatu ya kikombe, kisha ongeza kijiko kijiko mpaka lishikane bila kunata. Chumvi ya mawe hairuhusiwi: punje zake hupasua uso na kuacha vishimo. Mtu mzima akande dakika 8 hadi 10, lifunikwe dakika 20, ndipo wapewe watoto.

Mapambo hupasuka kwa sababu uso umekauka na kusinyaa wakati ndani bado kuna maji. Kwa hiyo mkosaji kwa kawaida ni unene au haraka. Sukuma milimita 5, hapa tumia vijiti vyembamba kuliko penseli. Oveni iwe nyuzi 100, si zaidi. Ukipandisha hadi 150 maji yanakuwa mvuke ndani na kipande kinatoa malengelenge. Kausha kwa muda wa saa 2 hadi 3, geuza kila baada ya saa moja, kisha zima na uache vipoe humo humo mlango ukiwa umefungwa. Kutoa kipande cha moto na kukiweka kwenye sakafu ya baridi ni njia nzuri ya kukipasua. Tundu la uzi litobolewe kwa mrija kabla ya kukausha, likiwa angalau sentimita 1 kutoka ukingoni. Sehemu zinazoungwa, kama masikio, zikwaruzwe pande zote mbili na kulowanishwa kidogo kabla ya kubandikwa. Zikiwekwa tu juu kwa kubonyeza, zitadondoka zikikauka.

Jaribu kwa ukucha upande wa chini. Ukucha ukiacha alama, bado. Rangi isubiri mpaka pakauke kabisa, kisha paka vanishi au gundi nyeupe pande zote mbili, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewani na kipande kisichofunikwa kinalainika baada ya wiki chache. Nyufa ndogo zijazwe uji mzito wa unga huo huo na zikaushwe upya.

Tahadhari moja kubwa: chumvi iliyomo humo ni nyingi mno kwa mtoto kuimeza, na kwa mbwa pia inaweza kuwa sumu. Ndiyo maana unga wa chumvi na biskuti visifanywe siku moja. Kwa macho ya mtoto ni kitu kilekile, kwenye trei ileile.

Donge la kuchezea halihitaji oveni: vikombe 2 vya unga, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vya chakula vya mafuta, vijiko 2 vya maji ya limau, vikombe 2 vya maji, rangi ya chakula ikiwa imeyeyushwa kwenye maji. Mtu mzima akoroge sufuriani moto wa kati mpaka liachane na kuta, dakika 3 hadi 5. Likipoa, kanda, weka kwenye chombo kisichopitisha hewa. Likianza kunata baada ya siku kadhaa, ongeza unga kidogo. Likiota ukungu, tupa.

Mkasi na gundi navyo vina makosa yake. Karatasi nyepesi hujikunja kati ya makali na mtoto anaamini hawezi kukata. Mpe manila, iliyokatwa vipande virefu vya upana wa sentimita 2, ili mbano mmoja ukate kipande kizima. Mkasi uwe wa chuma wenye ncha butu, kidole gumba kitazame juu, na kiwiko kikae karibu na mbavu. Anayetumia mkono wa kushoto atafutiwe mkasi wa mkono wa kushoto, kwa sababu ule wa kawaida unatenganisha makali yake badala ya kuyabana. Gundi usimpe chupa. Weka tone kwenye kifuniko pamoja na kibrashi, karatasi haitalowa na kujikunja. Gundi ya nyumbani: robo kikombe cha unga ukorogwe kwenye robo kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha umiminwe kwenye robo tatu ya kikombe cha maji yanayochemka huku ukikoroga dakika 1 au 2. Ukitupa unga mkavu kwenye maji moto, nje ya kila bonge inaiva na kufungia unga mbichi ndani. Kaa nayo kwenye friji siku 3 au 4 tu.

Na ukipanga siku yako, ile saa moja ya mkate kuumuka ndiyo ya mkasi na gundi. Kandeni kwanza, nawisheni mikono, hamieni kwenye karatasi, na donge likishakuwa mara mbili wote bado wapo mezani.