Maswali na majibu: i7 yangu inashindwaje na i5 ya mwenzangu?

Fundi, napiga video za harusi hapa Tanga. Laptopu yangu ina prosesa ya Intel Core i7 ya kizazi cha 7, RAM gigabaiti 16. Tangu ninunue kamera mpya, video za 4K zinakatakata nikihariri. Mwenzangu ana i5 ya kizazi cha 12 na kwake zinateleza. Nimeuziwa mbovu?

Si mbovu, ndugu yangu, ni umri. Na chanzo ni kamera. Nyingi za sasa zinaweza kurekodi H.265, yaani njia ya kubana video, ya biti 10, rangi 4:2:2 (hiyo 4:2:2 ni kiasi cha rangi kinachohifadhiwa; 4:2:0 huhifadhi pungufu). Humo si kila picha imehifadhiwa nzima. Inawekwa moja kamili, zinazofuata zinaeleza kilichobadilika tu. Bibi harusi akigeuza shingo, faili linaandika shingo. Mapambo ya ukumbini yanabaki yalivyokuwa. Ndiyo maana faili ni dogo. Ila ukiruka katikati ya taimulaini, kompyuta inabidi irudi kwenye picha kamili ya nyuma ianze kujumlisha mabadiliko upya. Prosesa ikiachiwa kazi hiyo peke yake, inahema.

Prosesa nyingi za Intel zina kijisehemu maalumu cha kazi hiyo, Quick Sync, kilichoanza 2011. Cha kizazi chako kinaisoma H.265 ya 4:2:0, lakini 4:2:2 hakiijui. Cha mwenzako kinaijua. Kadi za grafiki za NVIDIA nazo hazikuiweza mpaka RTX 50 za mwaka 2025, kwa hiyo usiuze pikipiki ukanunue kadi ya nyuma ya hapo ukidhani itakuokoa. Kompyuta za Apple zinaiweza tangu chipu ya M1.

Kabla ya kuniamini, fungua Task Manager ya Windows, cheza video, tazama grafu ya Video Decode upande wa GPU, yaani grafiki. Ikilala sifuri huku prosesa iko asilimia 100, umempata mwizi.

Dawa ya bure ni proksi: programu inatengeneza nakala nyepesi, ya 720 inatosha, wewe unakata juu ya hizo, kisha wakati wa kutoa kazi inarudi yenyewe kwenye faili halisi. Iache itengeneze usiku. Au weka kamera kwenye 4:2:0. Kwa kicheni pati, sijaona mteja aliyegundua.

Muuzaji Kariakoo ananipa i5-12400F, anasema ni ileile i5-12400 ila bei nafuu. Kweli?

Kweli, kwa mcheza gemu. Hiyo F maana yake haina grafiki za ndani, na Quick Sync imo humohumo kwenye grafiki za ndani. Mhariri wa video, ongeza hela kidogo uchukue isiyo na F.

Niongeze RAM au ninunue kadi ya grafiki kwanza?

Unatumia programu gani? DaVinci Resolve inaegemea sana kadi, na memori ya kadi ikijaa itakuambia wazi. After Effects inakula RAM, kwa sababu inahifadhi humo picha ilizokwisha kuandaa. Kama bado uko kwenye gigabaiti 8, acha mjadala, ongeza RAM, na chukua vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja. Lakini angalia kwanza. Laptopu nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa, haiongezeki.

Naweza kuhariri moja kwa moja kwenye hadidiski ya nje?

Tupige hesabu. Video ya megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 tu. Hadidiski ya kawaida inatoa kama megabaiti 100, kwa hiyo kamera moja inapita bila shida. Weka kamera nne kwa pamoja, kichwa cha diski kinaanza kukimbia huku na huku kama konda wa daladala, hapo ndipo inaganda. Kagua pia waya: ukichomeka USB 2, hata SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, itatambaa. Kashe ya programu, yaani faili zake za muda, iweke kwenye SSD ya ndani.

Nikitoa video, dakika tano za mwanzo inakwenda mbio, halafu inalegea.

Joto. Prosesa ikichemka inajipunguzia kasi isiungue. Laptopu yangu ilinifanyia hivyo mwaka mzima nikiilaumu programu. Siku nilipoifungua, nyuma ya feni kulikuwa na utando wa vumbi mzito kama kitambaa. Usafi na grisi mpya ya prosesa, ikatulia. Isiwe juu ya godoro, na iwe kwenye chaja, maana laptopu nyingi zinajibana zikitumia betri.

Sauti inapishana na midomo kwenye video za simu. Ninunue kompyuta mpya?

Usinunue. Simu hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde kadiri mwanga unavyobadilika, na programu nyingine hazipendi hilo. Pitisha faili HandBrake, ambayo ni ya bure, chagua Constant Framerate, halafu ndipo uingize.